Tulikwenda Kula Krismasi Marangu, Tukagombania Nyumba

Kama umeolewa Uchagani, Desemba yako haina mjadala. Ikifika tarehe 20 hivi Dar inaanza kupungua watu, tiketi za basi zinakuwa za kutafutwa, na mume aliyejidai mtu wa mjini mwaka mzima ghafla anaanza kuongea Kichaga kwenye simu. Watani wao wanasema wanakwenda "kuhesabiwa". Mimi ni Mluguru wa Morogoro, na mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani ni utani tu. Sasa ni mwaka wa sita, na mabegi nafunga mwenyewe bila kuambiwa.

Ila safari hii kulikuwa na ajenda. Shemeji yangu mkubwa alishatuma ujumbe kwenye grupu la familia: kikao tarehe 27, saa nne asubuhi, tuongee habari ya nyumba ya mama.

Mpenzi msomaji, hiyo nyumba naijua vizuri. Iko Marangu, katikati ya migomba, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye mfereji wa maji. Aliijenga babu yake mume wangu miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa inalipa. Ni nyumba ya miti na udongo yenye bati juu, vyumba vinne na ukumbi mdogo wenye dirisha linalotazama mlima. Ukiingia unasikia harufu ya moshi wa kuni na mbao kavu. Usiku mvua ikipiga bati unajikunja kwenye blanketi na unasahau kwamba kuna foleni ya Ubungo duniani.

Mume wangu naye anaijua, maana kalelewa humo. Tulipofika Same, katikati ya joto na vumbi, akasema bila kunitazama: "Mimi nitasema ivunjwe. Tupige bloku, tuweke vigae, mama apumzike kama watu wengine."

Nikamjibu vibaya. Sitaandika nilichosema, ila kuanzia Same hadi Himo kwenye gari tulisikiliza redio tu.

MOSHI KWANZA

Tulipitiliza Himo tukalala Moshi mjini, kwa sababu mume wangu alikuwa na shughuli ya benki asubuhi. Nikapata masaa matatu ya kuzunguka peke yangu, na mwanamke aliyenuna anatembea sana, asikudanganye mtu.

Moshi ni mji wa kutembea kwa miguu. Kuna kivuli, barabara zimenyooka, na watu wake wanajivunia usafi. Nilianzia stesheni ya treni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na mji huu tunaoujua ulikua kuizunguka reli hiyo. Moshi ya awali iko juu mlimani, ndiyo tunayoiita Old Moshi leo. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kuja, ikarudi Desemba 2019, na nakumbuka watu walivyojaa kuipokea kama bibi harusi.

Kutoka hapo nikapanda hadi kwenye mnara wa saa, karibu na jengo la KNCU. Vijana wenzangu wengi tunazijua hizo herufi kama jina la jengo tu. Ni chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933, baada ya wakulima wa Kichaga kuwa na umoja wao tangu 1925. Mkulima mwenye miche michache nyuma ya nyumba aliuza kahawa yake kupitia chama, na hela ile ikapanda mlimani ikawa karo, ikawa cherehani, ikawa bati. Ile nyumba tunayoigombania imetoka humo. Babu hakuwa tajiri, alikuwa na kahawa tu.

Mume wangu alinikuta kwenye mgahawa nakunywa kikombe cha pili. Akaagiza na yeye. Tukaongelea bei ya nyama.

KIHAMBA

Kutoka Moshi hadi Marangu ni kama kilomita 40. Unarudi Himo, unakunja kushoto, na hapo barabara inaanza kupanda. Kila baada ya dakika chache hewa inabadilika. Unafungua kioo, baadaye unakifunga, baadaye unatafuta sweta.

Mgeni anatafuta kijiji hakioni. Anaona migomba tu. Ukweli ni kwamba yuko katikati ya watu maelfu, kila familia kwenye kihamba chake. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga, na pembeni zizi la ng'ombe anayeletewa majani mdomoni kama mfalme. Samadi yake inarudi kwenye mgomba. Maji yanakuja kwa mifereji iliyochimbwa kwa mkono, wenyewe wanaiita mifongo. Kilimo hiki kimelisha watu kwa karne nyingi bila kuichosha ardhi, hadi mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likakitambua rasmi kama urithi wa dunia wa kilimo, kupitia vihamba vya Shimbwe Juu.

Kihamba ni zaidi ya shamba. Wazee wamezikwa humo. Mipaka yake hupandwa isale, ule mmea wenye majani marefu ya kijani. Na kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Sasa hebu kisia mume wangu ni wa ngapi kuzaliwa.

Ndiyo. Kitinda mimba.

Kwa hiyo shemeji mkubwa anaitisha kikao, wengine wanachangia, lakini macho yote yanamtazama yeye. Na mimi, mkewe, natoka kwa Waluguru ambao ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama. Kwetu nyumba ya bibi haiongelewi bila bibi. Nilikuja kuona baadaye kwamba hilo ndilo nililokuwa nimelisahau.

MIFUPA YA NYUMBA

Mama mkwe alitupokea kwa mikono miwili. "Shimbonyi, wanangu! Mmekonda." Hatujakonda, lakini ndiyo salamu yake. Tukala kiburu, tukanywa chai ya maziwa, mtoto akakimbilia kuku.

Kesho yake asubuhi nikaitazama nyumba kwa macho ya mtu anayetafuta ushahidi. Miaka kadhaa nyuma nilipata kozi fupi Uingereza, na wikiendi moja tulipelekwa Stratford-upon-Avon kuona nyumba aliyozaliwa Shakespeare. Watu kutoka dunia nzima walikuwa wamepanga foleni na kulipa kiingilio. Tukaingia. Nikatazama kuta, nikatazama dari, nikaanza kucheka peke yangu. Nyumba ile ni miti na udongo! Wameweka fremu ya mbao nzito za mwaloni, katikati ya fremu wamesuka fito, juu ya fito wamekandika udongo uliochanganywa na majani makavu, halafu wakapaka chokaa. Nilijiona niko kwa bibi yangu, Morogoro. Nyumba ile ilinunuliwa mwaka 1847 ili ihifadhiwe kwa ajili ya umma, na tangu hapo haijakosa wageni.

Hata ile sura ya mbao nyeusi na kuta nyeupe tunayoiona kwenye kalenda, wataalamu wanasema kwa sehemu kubwa ni fasheni ya karne ya 19. Zamani mbao nyingi ziliachwa na rangi yake ya asili. Kumbe na Wazungu nao hupaka rangi vitu vya wazee wao ili vipendeze.

Siri ya nyumba ya aina hii, ya kule na ya huku, iko kwenye mifupa. Ukuta haubebi kitu. Mzigo wa paa unashuka kwenye makombamoyo, unapokelewa na mwamba, yaani lile gogo la juu linalolala ukutani, kisha unateremka kwenye nguzo hadi chini. Udongo kazi yake ni kuziba upepo na kutunza joto. Ndiyo maana ukuta ukipasuka unaukandika tena jioni moja, nyumba haiangukii mtu. Lakini nguzo ikioza, hapo ndipo msiba.

Nyumba ya mama ina nguzo kumi na nne. Nilizihesabu. Mwamba umekaa kwenye nguzo kwa ulimi na tundu. Fundi alichonga kichwa cha nguzo kikawa ulimi, akatoboa tundu kwenye mwamba, akavipachika, akapigilia kijiti cha mti mgumu. Msumari hamna. Miaka karibu sabini, na ukisukuma kwa bega hakuna kinachotikisika.

Nikamwita mume wangu aje aone. Akaja, akaona. Akasema, "Nzuri. Lakini choo kiko wapi?"

MSONGE

Siku iliyofuata tulimpeleka mtoto kutembea, na kiukweli mimi na baba yake tulihitaji kutoka pale uani. Marangu kuna jumba dogo la makumbusho ya Wachaga lenye nyumba ya msonge iliyojengwa kwa namna ya zamani. Kama hujawahi kuiona, ni nyumba ya duara inayochongoka juu, imeezekwa kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, ukuta na paa ni kitu kimoja. Fremu yake ni nguzo za katikati na miti myembamba iliyopindwa na kufungwa kwa kamba za asili. Juu yake ni nyasi au majani makavu ya mgomba.

Mlango ni mfupi, lazima uiname. Ndani kuna giza, macho yanachukua dakika mbili kuzoea. Upande mmoja ni wa ng'ombe na mbuzi, upande mwingine kitanda cha mama na watoto, katikati moto kwenye mafiga matatu, na juu ya moto dari la kukaushia chakula na kuni. Nilifikiri ni umaskini, mwongozaji akanieleza hesabu yake. Usiku wa mlimani ni baridi, na ng'ombe ni hita isiyohitaji umeme. Moshi unaopanda unafukuza wadudu wanaokula mbao na majani ya paa. Zamani za vita vya kuporana mifugo, mnyama aliyelala ndani alikuwa salama kuliko wa nje. Familia nyingine zilichimba hadi mapango chini ya ardhi, mlango mwembamba ndani mwepesi wa kujificha, na baadhi yake bado yanaonyeshwa kwa wageni hapo Marangu.

"Na baba analala wapi?" mwanangu akauliza. Swali zuri. Mara nyingi mwanamume alikuwa na kibanda chake. Mume wangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Same kwa jicho la utani: "Unaona? Wazee walijua mke akinuna mtu anahitaji kibanda." Nikacheka kabla sijajizuia. Ikawa nafuu kidogo.

Msonge haukufa kwa siku moja. Wamisionari walileta nyumba za pembe nne. Kahawa ilileta hela ya bati na misumari. Watu wakaongezeka, viwanja vikawa vidogo, nyasi za kuezekea na miti ya kujengea ikawa haipatikani. Mwaka 1941 ilibidi serikali ya kikoloni itenge ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili kuzunguka miteremko ili wananchi wapate kuni na miti. Watu walibadilika kwa sababu maisha yalibadilika. Nikiwa nimeinama kutoka kwenye ule mlango nikajiuliza: je, bibi wa bibi yake mume wangu alilia msonge wake ulipovunjwa? Au alishukuru kupata dirisha?

Jibu silijui, na lilinisumbua njia nzima.

FUNDI NA BISIBISI

Tarehe 26 nikafanya jambo la akili, la kwanza safari nzima. Nikamwomba shemeji namba ya fundi seremala mzee wa kijijini. Nikamwambia mume wangu: "Kabla hatujavunja wala kuokoa, mtu anayejua aje aangalie." Akakubali.

Mzee akaja na bisibisi tu. Hakutazama paa kwanza kama nilivyotegemea. Alipiga magoti chini, akaanza kuchoma nguzo moja moja mahali inapokutana na ardhi. Kumi na moja bisibisi iligonga ngumu, tok. Tatu za upande wa mvua iliingia kama kwenye keki.

"Nyumba haijazeeka," akasema. "Imefungiwa maji."

Akatuonyesha. Miaka ya 1990 watoto wa kiume walipoanza kupata kazi waliona aibu ya ukuta wa udongo, wakaleta saruji, wakapiga plasta nje yote. Nyumba ikapendeza, picha zikapigwa. Lakini mbao na udongo vinapumua, vinavimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Saruji haisinyai, inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, na yakishaingia hayatoki, maana saruji imeziba. Yanashuka taratibu hadi miguuni mwa nguzo na kukaa hapo. Udongo na chokaa ya zamani ungeachia ule unyevu ukauke. Nikakumbuka kwamba hata Uingereza nyumba nyingi za fremu ya mbao ziliozeshwa hivyo hivyo, na watu walioweka saruji wakidhani wanazisaidia.

Mume wangu alikaa kimya. Mmoja wa vijana wa ile plasta alikuwa yeye, akiwa mwanafunzi, anabeba ndoo.

"Dawa?" nikauliza.

"Unakata mguu uliooza, unaunga mpya. Mbao na mbao zinashikana ngazi kwa ngazi, halafu mguu haugusi udongo tena, unakaa juu ya jiwe. Bandua saruji yote ya upande huu. Weka mfereji wa bati, upenu uongezwe. Wiki mbili."

"Na kuvunja na kujenga bloku?"

Mzee akafuta bisibisi kwenye suruali. "Hiyo ni miaka mitatu, kwa jinsi mnavyojengaga nyie watu wa Dar."

Hapo nikajiona nimeshinda. Nikageuka kumtazama mume wangu kwa ile sura ambayo kila mwenye ndoa anaijua. Na ndipo sauti ikatoka jikoni.

TUKAMUULIZA MWENYEWE

"Na mimi mnaniuliza lini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai cha fundi. Nadhani alikuwa amesikia yote, ya siku zote. Nyumba ya udongo inatunza joto, siri haitunzi.

Tukakaa. Akamgeukia mwanawe kwanza. "Wewe unataka nyumba ya vigae. Ya kaka yako iko hapo, ya vigae. Inafunguliwa Desemba, inafungwa Januari, baridi yake kama jokofu. Unataka nikakae humo peke yangu nitazame vigae?"

Nikaanza kutabasamu. Akanigeukia mimi.

"Na wewe mwanangu. Unaipenda hii nyumba siku tano kwa mwaka. Mimi nimefagia vumbi lake miaka arobaini na tano. Usiku naamka mara tatu, natoka nje kwenda chooni na tochi, mvua inanyesha, mwaka juzi niliteleza. Hilo umeliona kwenye hizo nguzo zako?"

Sikuwa nimeliona. Nilihesabu nguzo kumi na nne, nikaona ulimi na tundu, nikakumbuka Stratford, na sikuhesabu hatua kutoka kitandani kwa mama hadi chooni. Mume wangu aliliona hilo tangu mwanzo. Nilimwona mtu wa vigae, kumbe alikuwa anamwogopea mama yake kuteleza na hakujua namna nyingine ya kulisema.

"Sasa mama unataka nini?" akamuuliza, taratibu.

Akatutajia kama mtu aliyekuwa na orodha siku nyingi. Choo na bafu ndani, pawe na maji ya moto. Sakafu isiyo na vumbi. Jiko lenye bomba la kutoa moshi, kifua chake hakiwezi tena. Na chumba chake kibaki kilivyo, kwa sababu baba yenu alifia humo, na asubuhi jua linaingia pale pale lilipokuwa linaingia naye yupo.

Kikao cha tarehe 27 kilichukua dakika arobaini badala ya siku nzima. Nguzo tatu ziungwe. Saruji ya nje ibanduliwe, kuta zikandikwe upya na kupakwa chokaa. Bafu na choo vijengwe kwa bloku upande wa nyuma, vishikane na nyumba kwa mlango. Sakafu imwagwe zege, ila fundi alisisitiza isiguse miguu ya nguzo. Wifi yangu mkubwa, ambaye hajaolewa na ndiye aliyebadilisha bati mwaka ule lilipovuja, akasema hachangii tena nyumba ambayo siku moja ataambiwa si yake. Kukawa na kimya kirefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini kwenye vikao vya familia sheria huwa inachelewa kufika. Safari hii shemeji mkubwa mwenyewe alisema, "Andika. Chumba cha kushoto ni cha dada." Ikaandikwa, wote tukasaini. Si kila kitu, lakini ni karatasi.

JANI LA ISALE

Jioni ile nilikuwa nimekaa nje natazama mlima. Wingu lilikuwa limefunguka, Kibo yote ikaonekana na kipande chake cha barafu. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshapotea. Nilipokuwa mdogo niliichora kwenye daftari kama kofia nyeupe iliyofunika kichwa chote, na leo mwanangu akiichora anaweka mistari michache tu.

Mume wangu akaja kutoka mpakani mwa kihamba, mkono mmoja nyuma. Akanipa jani la isale.

Kwa Wachaga, mtu akikukosea na akaja kwako na isale, anaomba msamaha rasmi, na kumkatalia ni jambo zito. Si kama kutuma ujumbe wenye kopa. Nilijua hilo, alishanieleza tukiwa wachumba, lakini hakuwahi kunipa.

"Ya Same," akasema.

"Ya Same nilikosa mimi," nikasema. "Wewe ulinuna tu."

"Basi nirudishie, unipe wewe."

Mama akatusikia toka ndani, akacheka hadi akakohoa. "Aika," akasema kwa sauti, sijui anamshukuru Mungu au anatushukuru sisi kwa kunyamaza.

Tumefanya mambo mengi kwenye jarida hili kuhusu mawasiliano ndani ya ndoa. Mimi mwenyewe nimehariri nusu yake. Na bado nilikaa siku nne nabishana na mtu ninayempenda kuhusu nyumba ya mtu wa tatu aliyekuwa chumba cha pili. Nguzo zile hazikuoza pale tulipokuwa tunatazama. Zilioza chini, nyuma ya plasta nzuri tuliyoipaka wenyewe.

Machi, kabla masika hayajachanganya, fundi alitutumia picha. Miguu mitatu mipya ya mbao nyekundu imeungwa kwenye nguzo nyeusi za babu, kila mmoja umesimama juu ya jiwe. Picha ya pili ni mama mkwe kwenye mlango wa bafu lake jipya, amevaa kitenge cha kanisani na ameshika bomba kama mtu anayekata utepe.

KAMA NA WEWE UNAPANDA

Usisubiri uolewe Uchagani, wikiendi ya siku tatu inatosha. Mkiwa wawili, lala usiku mmoja Moshi mjini, tembeeni stesheni, mnara wa saa na sokoni, kisha siku ya pili mpande Marangu kwa daladala au gari.

Marangu kaoneni msonge, mapango, na maporomoko ya Kinukamori ambayo hayako mbali na Marangu Mtoni. Mnaweza kuchukua mwongozaji wa kijijini awatembeze kwenye vihamba. Mlipeni vizuri, na msipige picha nyumba ya mtu bila kuomba.

Kuleni mtori asubuhi na ndizi nyama mchana. Mbege ni ya ndizi na ulezi, inatiwa gome la msesewe kwa uchungu, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Mmoja wenu abaki na akili ya kuendesha.

Bebeni sweta hata kama Moshi kuna joto. Juni na Julai bebeni mawili. Machi hadi Mei ni masika, njia za kijijini zinateleza.

Na mkiingia nyumba ya zamani yoyote, ya Marangu au ya bibi yako Lushoto, inameni mtazame nguzo inapokutana na ardhi. Halafu muulizeni anayeishi humo usiku anakwenda chooni vipi.